Ngozi Zisizoletwa

5 Juni 1949, Jumapili

Mwaka jana tulibishana nyumbani juu ya siku tuliyofungua ngitiri, na kila mtu alikuwa na siku yake. Mwaka huu nitaandika, ili ubishi usiwepo.

Mvua zilikatika mwezi wa Machi, kabla mtama haujatoa masuke vizuri. Ghala moja limejaa nusu. La pili ni tupu, hata panya wamelihama. Nyumbani tuna maksai wawili, Karani na Tarishi, majike wawili wa maziwa, na ndama wao. Ng'ombe wengine watano wako kwa shemeji yangu Ngassa, ndugu wa mke wangu Paskalia, kwa desturi yetu ya kubilisa. Mwenye ng'ombe humkabidhi mwenziwe baadhi yao awachunge. Mchungaji hupata maziwa na samadi, na baada ya miaka kadhaa hupewa mtamba awe wake. Ndama wengine ni wa mwenye mali. Ng'ombe akifa, mchungaji huleta ngozi pamoja na masikio yake, ili alama ionekane. Pasipo ngozi, ng'ombe hakufa: ameuzwa au ameliwa.

Ngitiri yetu imesimama vizuri. Ni nyasi tulizozizungushia ua wa minyaa, na tangu mvua za kwanza hakuna mnyama aliyetia mguu humo. Itafunguliwa tarehe mosi Oktoba, si kabla. Nyasi hizo ni za kuwafikisha maksai kwenye mvua wakiwa na nguvu za kuvuta plau. Maksai wakifa hatutalima, na tusipolima, mwakani hapatakuwa na watu katika nyumba hii.

9 Juni

Tumeng'oa miti ya pamba na kuichoma, kama sheria inavyotaka. Klara, mke wa mwanangu Donatus aliyeko mgodini Geita, amefanya kazi ya watu wawili na kusema maneno ya watu wanne.

14 Juni

Kupe ni wengi masikioni mwa ndama. Tumewang'oa kwa mkono na kuwachoma. Upepo.

26 Juni, Jumapili

Ngassa alikuja kututembelea. Nilimwalika kwa chakula cha mchana. Alifika chakula kimekwisha kupoa.

"Mwalimu, mwangaluka!" aliita tangu uani. Hiyo ni salamu ya asubuhi.

Nilimwambia kuwa asubuhi ilikwisha kupita.

"Imekupita wewe, shemeji. Mimi bado nimo ndani yake."

Ngassa ni mtu wa namna hiyo. Hunusa ugoro, hucheka kabla ya kumaliza neno lake, wala sijapata kumwona akifika mahali kwa wakati. Alikula ugali wote uliobaki, kisha akasema kwamba ngitiri yake imeungua. Warina asali walifukiza mzinga, cheche zikaangukia nyasi, upepo ukafanya yaliyobaki.

"Naomba upande mmoja tu wa nyasi zako," alisema. "Ule wenye kichuguu. Wale watano ni wako."

"Tarehe mosi Oktoba."

"Ng'ombe hawaijui Oktoba."

"Ndiyo maana ninaijua mimi kwa niaba yao. Aliyekabidhiwa ng'ombe amekabidhiwa na kuwatafutia malisho. Nikifungua leo, mwezi wa tisa maksai watakula vumbi."

Hakukasirika. Alipiga chafya ya ugoro, akasema, "Haya, Mwalimu. Nitawasomesha kalenda." Paskalia alimfungia nduguye michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mingi kuliko kawaida.

3 Julai

Hakuna jambo. Vumbi.

16 Julai

Maji ya lambo yamerudi nyuma, tope limeonekana pembeni. Tunawanywesha ng'ombe siku moja na kuwapumzisha siku ya pili. Mabua ya mtama nimeyakatakata na kuyanyunyizia maji ya chumvi ili wayakubali. Tarishi anayakubali. Karani anachagua kama mgeni aliyealikwa.

30 Julai

Mihayo, jirani yetu wa upande wa magharibi, ameletewa ngozi mbili na mtu anayemchungia. Kwetu haikuletwa.

13 Agosti

Mihayo ameletewa ngozi nyingine. Mwanangwa wetu, mkuu wa kijiji, naye ameletewa. Kwetu haikuletwa. Paskalia asema tumshukuru Mungu. Nimeshukuru. Lakini nyasi za Ngassa ziliungua, na ng'ombe hawaishi kwa upepo.

22 Agosti

Mihayo alirudi kutoka mnadani, akaja moja kwa moja kwangu, hata jasho hajafuta.

"Nimeona mtamba mwekundu, mweupe tumboni," alisema. "Ncha ya sikio la kushoto imekatwa, na chini yake kuna mkato mmoja. Hiyo ni alama ya nani?"

"Ni yangu."

"Nami nimesema hivyo hivyo."

"Muuzaji ni nani?"

"Sikumwona. Mtamba nilimkuta yuko mikononi mwa wachinjaji. Lakini ng'ombe wako wako kwa nani, Mwalimu? Mimi simo." Akaenda zake, akiwa amekwisha kuwamo.

Wakati wa chakula nilimweleza Paskalia.

"Ndugu yangu ni mvivu wa njia," alisema. "Mwizi siye."

"Mtu asiyetunza wakati hatunzi mali."

"Basi jogoo ndiye tajiri wa kijiji hiki, maana hachelewi." Aliweka bakuli chini, akatoka.

23 Agosti

Paskalia hasemi nami ila kwa lazima.

24 Agosti

Vivyo hivyo.

4 Septemba, Jumapili

Nilimtuma Klara kwa Ngassa, kumwita aje anieleze habari ya ng'ombe. Alirudi jioni peke yake.

"Shikamoo, baba. Mjomba hayupo. Mkewe Limi anasema huondoka na ng'ombe kabla ya jua, kwenda kuwaangushia maganda ya migunga kule mtoni. Ana mti mrefu wenye ndoana."

"Umewaona ng'ombe?"

"Nitawaonaje, baba, nao wako mtoni?"

"Umeona nini basi?"

Alisita. Klara kusita si jambo la kila siku. "Nimeona ngozi. Zimetandazwa juu ya paa la nyumba."

"Ngapi?"

"Nilitumwa kumwita mjomba. Sikutumwa kuhesabu ngozi."

Kwa hiyo ngozi zipo, wala hazikuletwa. Paskalia aliyasikia hayo yote akiwa jikoni, na safari hii hakuwa na jogoo wa kunijibia.

10 Septemba

Ngassa hajaja. Joto kali. Lambo ni tope tupu katikati. Tumechimba visima vidogo kando yake na kuteka kwa kata.

18 Septemba, Jumapili

Asubuhi Tarishi alishindwa kusimama. Ng'ombe aliyedhoofika akilala sana upande mmoja hafiki jioni, kwa hiyo inampasa mtu kumwinua. Tulipitisha magongo mawili chini ya tumbo lake, mimi na Mihayo upande huu na huu, Klara akashika mkia. Mara ya tatu alisimama, akitetemeka miguu ya nyuma. Paskalia alikuwa ameegemea ua wa ngitiri.

"Nyasi hizi hapa," alisema, "na ng'ombe huyo hapo."

Nilimjibu kwamba nyasi zinazoliwa mapema zimeliwa mara mbili: leo tumboni, na kesho katika majuto. Nilikwenda kukata matawi ya mkuyu. Tarishi aliyala.

21 Septemba

Ndama wa yule jike wa kijivu amekufa. Paskalia alimchuna yeye mwenyewe, akaitandaza ngozi mbele ya mlango wangu, mahali ambapo siwezi kuingia bila kuikanyaga.

"Mwenye mali," alisema, "umeletewa."

25 Septemba, Jumapili

Nimewaambia watu wa nyumbani kwamba nitakwenda kwa mwanangwa kumshtaki Ngassa. Ng'ombe wenye alama yangu wanauzwa mnadani, na ngozi zinaanikwa juu ya paa, nami siitwi hata kuziona.

Paskalia alikuwa akipepeta mtama. Hakuacha kupepeta.

"Baba Donatus, wewe uliwafundisha watoto wa watu miaka mingi. Je, ulimchapa mtoto kwa kosa uliloambiwa na jirani yake?"

"Nilichunguza kwanza."

"Nenda kachunguze. Ukimkuta mwizi, nitakwenda nawe kwa mwanangwa, nami nitasema ni mwizi ingawa tumenyonya ziwa moja. Ukimshtaki kabla ya kwenda, utanikuta nimesimama upande wake."

Neno hilo ni la haki. Nitakwenda bila kutoa taarifa.

27 Septemba

Naandika kwa urefu, maana siku ya leo haifai kubishaniwa baadaye.

Niliondoka kungali giza, nikafika kwa Ngassa jua linachomoza. Nilifikiri nitamkuta amelala. Nilimkuta zizini, magoti kwenye samadi, ameshika mkia wa ng'ombe aliyeanguka. Limi alikuwa amepitisha gongo chini ya tumbo na hakuwa na mtu wa kumshikia upande wa pili.

"Mwangaluka, Mwalimu!" alisema Ngassa akihema. "Leo hata wewe utakubali kuwa ni asubuhi. Usisimame hapo kama mkaguzi, shika gongo!"

Nilishika gongo. Tulimwinua. Ng'ombe alipokwisha kusimama niliona sikio lake: ncha imekatwa, na chini yake mkato. Nikawatazama wengine waliokuwa zizini. Mbavu zao zilikuwa nje, ngozi zimewakaza mifupa, lakini walikuwa watano, na wote walikuwa wangu. Ng'ombe wa Ngassa mwenyewe hakuwamo hata mmoja.

"Wako wako wapi?" niliuliza.

Ngassa alionyesha paa kwa kidevu.

Nilizunguka nyumba. Ngozi zilikuwa juu ya nyasi za paa, nyingine zimekauka, moja ingali mbichi. Nilizishusha kwa mti, moja baada ya moja, nikatazama masikio. Sikio la kushoto lilikuwa zima. Sikio la kulia lilikuwa limepasuliwa katikati. Hiyo ni alama ya Ngassa. Nilitazama mpaka ya mwisho, kisha nikazitazama tena, maana sikutaka kukosea.

"Wote?" nilisema.

"Amebaki mbuzi mmoja, naye siku hizi ana majivuno."

"Na yule mtamba mwekundu aliyeonekana mnadani, mwenye alama yangu?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwekundu, mweupe tumboni? Si ulinipa mwenyewe mwaka juzi, malipo ya kukuchungia? Alikuwa amezaliwa kwenye mali yako, masikio umekwisha kuyakata. Nilimuuza tukanunua mtama. Maziwa ya hawa yalikuwa yamekatika. Tungekula nini?"

Ni kweli. Nilimpa mtamba huyo kwa mkono wangu. Desturi ni kwamba anayetoa humtia mnyama alama ya anayepewa, katika sikio la pili, siku hiyo hiyo. Siku hiyo kulikuwa na ubatizo, nikasema tutafanya baadaye. Kisha nikasahau kwamba sijafanya, nikakumbuka alama tu.

Nilimwuliza kwa nini aliwapa ng'ombe wangu maganda, na ng'ombe wake wakafa.

Alitoa kopo la ugoro, akaligonga. "Shemeji, fikiri mwenyewe. Ng'ombe wangu akifa, nitalia na mke wangu, tutanyamaza, imekwisha. Wako akifa, itanibidi nije kwako na ngozi, niketi, nisikilize. Nani ataweza? Somo lako halina kengele ya kutoka!"

Alicheka. Limi hakucheka.

"Usimsikilize, Mwalimu," alisema. "Maganda yalikuwa hayatoshi makundi mawili, akachagua. Yule wa mwisho alipokufa alikaa kimya kutwa, na wewe unamjua alivyo. Aliniambia chako kikifa na njaa ni msiba, cha kukabidhiwa kikifa na njaa wakati chako kinashiba ni aibu. Nilimgombeza. Mpaka leo bado namgombeza."

"Kwa nini hukurudi kuniomba?" nilimwuliza Ngassa.

"Ulisema mosi Oktoba. Nilikuwa naikaribia."

 Nilimsaidia kuwafikisha ng'ombe mtoni, nikashika ule mti wa ndoana mpaka mikono ikafa ganzi. Maganda yaliyobaki ni ya vileleni tu.

28 Septemba

Nimefungua ngitiri.

Nilimwambia Ngassa awalete ng'ombe alfajiri. Alifika adhuhuri. Yule ng'ombe mkongwe tuliyemwinua jana alianguka njiani tena na tena, wakamwinua kila mara, Ngassa na Limi. Sikumwuliza habari ya saa.

Mihayo alisimama mpakani. "Mwalimu, leo ni mosi?"

"Leo ni ishirini na nane."

"Basi kalenda yako imeharibika."

"Kalenda ni nzima. Nimemfungulia shemeji yangu." Nikamweleza wazi habari ya mtamba mwekundu, na kwamba kosa la alama ni langu.

"Mimi nilisema simo," alisema Mihayo.

Paskalia ameiondoa ile ngozi ya ndama mlangoni.

9 Oktoba, Jumapili

Nimeigawa ngitiri kwa safu za miiba. Ng'ombe wanakula safu moja mpaka iishe, ndipo tunasogeza miiba. Nyasi zilizokusudiwa wachache sasa zinaliwa na wengi. Ngassa na Limi wamejenga kibanda kando ya ua. Mawingu yalikuja, yakapita kwenda ziwani.

23 Oktoba, Jumapili

Ngassa alichelewa kusogeza miiba. Sikusema kitu. Paskalia aliona kwamba sikusema kitu, akacheka peke yake.

30 Oktoba

Karani na Tarishi wanasimama wenyewe asubuhi. Wale watano, wanne wanasimama.

6 Novemba

Safu ya mwisho. Joto. Hakuna mvua.

13 Novemba, Jumapili

Nyasi zimekwisha. Tuliketi sote kutazama ua ulio mtupu. Kama nisingewafungulia ng'ombe waliokuwa kwa Ngassa, maksai wangekuwa na nyasi za kutosha mpaka Krismasi. Hilo nililijua siku ile ninafungua, wala mtu hakunikumbusha.

Klara alikuwa akitazama juu. "Baba, ghala lile tupu limeezekwa kwa nini?"

"Kwa nyasi za ngitiri."

"Za lini?"

"Za mwaka jana."

"Sasa linamfunika nani?"

Ngassa alikuwa amekwisha kupanda kabla sijajibu. Nyasi za ghala hazina moshi, hazikuoza, na ng'ombe walizila kwa sauti.

17 Novemba

Paa la ghala limeliwa. Leo tumeanza paa la baraza ninapoandikia. Naandika haya nikiona mbingu, na mbingu haina kitu.

19 Novemba

Yule mkongwe amekufa. Nilikuwa nimeshika gongo upande mmoja, Ngassa upande wa pili, alipolegea katikati yetu. Nilikwenda kunawa.

Baada ya muda nilisikia hodi. Ngassa alikuwa mlangoni, amenawa, amevaa shati lake la misa, ngozi imekunjwa mikononi. Aliketi chini, jambo ambalo halifanyi. Akaikunjua, akaniwekea sikio mbele.

"Shemeji, ng'ombe wako amekufa. Ngozi yake hii. Alama yake hii."

Nilikuwapo ng'ombe akifa, naye alijua kwamba nilikuwapo. Lakini nililishika sikio, nikalitazama, nikasema, "Nimeiona."

"Haya," alisema. "Nisomeshe."

"Leo sina somo."

Tulikaa pamoja kitambo chini ya paa lililoliwa.

24 Novemba

Mvua! Ilianza alasiri kwa upepo wa vumbi, kisha matone makubwa. Baraza imejaa maji, na daftari hili limelowa kabla sijaliwahi. Klara na Paskalia walikuwa uani wakikinga kila chungu. Ngassa alisimama chini ya ghala lisilo na paa, akatangaza kwamba analinda akiba yetu.

28 Novemba

Mvua. Nyasi changa. Tumewazuia ng'ombe wasile sana, wasivimbe matumbo.

3 Desemba

Karani na Tarishi wameingia katika nira. Tumeanza na shamba la Ngassa, kwa sababu liko bondeni, na udongo mweusi ukilowa zaidi haulimiki. Walivuta polepole, tukawapumzisha kila mwisho wa mfuo. Ngassa alishika plau. Mifuo yake imepinda. Mtama hautajali.

11 Desemba, Jumapili

Niliwaalika watu baada ya misa: Mihayo, mwanangwa, na wengine wa jirani. Niliwatenga mitamba wawili kati ya wale wanne waliobaki, nikaeleza mbele ya wote kwamba tangu leo si wa kubilisa tena, ni wa Ngassa, na watakaozaliwa nao ni wake. Nilimtaka Mihayo asogee karibu kuliko wengine, ayaone masikio vizuri.

"Leo nimo," alisema Mihayo.

Kisu kilikuwa tayari, na majivu ya kuzuia damu, na mitamba wamefungwa. Mwenye kupewa hakuwapo. Tulingoja. Mwanangwa aliuliza kama tuanze bila yeye, nilisema hapana. Jua lilifika utosini, likapita.

Ndipo alipotokea njiani, shati la misa begani, akisalimu kila mti.

"Mwalimu, mwangaluka!"

Watu wote walinigeukia. "Mwangaluka, shemeji," niliitikia, nikamkabidhi kamba amshike mtamba wake, nikalipasua sikio la kulia.